Wiki yetu ya ufukweni na ndege wa mpunga

Nimeikataa nyumba ya ufukweni! Wiki moja kila mwaka, maisha yote!

Hamjambo, wapenzi.

Leo binti yangu Zuhura, mwalimu (wa kwanza ukoo mzima, msisahau), kaniletea muuzaji mwenye tai hapa Kibiti. Unalipia uanachama, mnapewa wiki yenu ya kupumzika baharini.

Akauliza, "Mama, familia huwa mnatoka kwenda wapi?"

"Mpunga ukianza kukomaa, wote tunakwenda dunguni kuamia."

Akaandika mbio. "Kumbe mna nyumba mnayohamia! Ya ghorofa?"

"Iko juu, ndiyo. Tunapanda ngazi."

"Hewa ipo?"

"Baba, haina hata ukuta!"

Zuhura akacheka mpaka akakaa chini. "Kaka, siyo kuhamia. Kuamia! Dungu ni kibanda cha nguzo shambani, wanafukuza ndege."

Nikauliza wiki yetu ni ipi. Ikaangukia palepale mpunga unapokomaa, na haibadilishwi.

Ndege nao hawabadilishi! Tukilala ufukweni, mwaka mzima tule nini?

Sikutia sahihi. Ila nimemwalika dunguni, bure, maskini hajawahi.

Nyie mngesaini? Nijibuni, halafu mje na madebe ya kupiga kelele. Shambani Mahege, Jumamosi.