Neema ameota papa yake anacheza

Neema wangu ameamuka sasa hivi na kicheko: "Maman, nimeota papa yangu! Tulikuwa ku fête, watu wanakula, papa anacheza muziki!"

Wenzangu, munisaidie.

Munakumbuka ile série ya polisi, yenye inspecteur wa kuota-ota? Mu ndoto zake ng'ombe amekaa mu salon, marehemu anakaanga samaki sambaza? Mbele ya vita kuingia mujini, tulikuwa tunaiangalia hapa Nyalukemba, mimi, bwana yangu na mama yake.

Bwana yangu anauliza: "Maman, na hii ndoto ni ya nini?"

Mama mukwe anajibu: "Ndoto inasomwa kinyume, mwanangu. Akiota kilio, mutu iko muzima. Akiota fête, atafute maiti."

Na mama mukwe alikuwa anapatia jibu mbele inspecteur hajalipata! Tulicheka mpaka machozi. Ile salon ilikuwa tamu, jamani.

Bwana yangu alivuka ziwa siku risasi zilianza. Mpaka leo hajapiga hata telefone.

Sasa mutoto ameota fête.

Nilimufuata mama mukwe jikoni, nikamuelezea. Alikoroga chungu, kisha akasema: "Wee! Kinyume ni ya bakubwa. Ndoto ya mutoto inasomwa vile iko."

Série yote ile, hiyo sheria sikuisikia hata siku moja.

Halafu akaongeza unga mu chungu, kama vile mutu mumoja zaidi anakuja kula.

Kwenu munasomaka namna gani? Niandikieni, ju mimi nimeanza kuamini kwamba... eh, mama mukwe ananiita: "Maman Neema, kuja tusonge, bugali imekuwa nzito!"

Nakuja, maman, acha nimalize kuandik—