Muziki wa Warfa na Ngamia wa Maka

Marehemu Warfa alichunga ngamia, akapika chapati Nairobi miaka sita, akapiga udi kwenye harusi za watu. Lakini hadi anakata roho alishikilia jambo moja: ule muziki unaofungua mchezo wa kuigiza wa Jumamosi kwenye televisheni aliutunga yeye. Watu wa studio walimsikia harusini, wakamwita, akawapigia udi wake, wakamshukuru, naye akarudi kwenye chapati zake.

Mkewe, Maka, hakuamini hata neno. Miaka hiyo yote alihangaika na mifugo huko Kotile peke yake, na mumewe alirudi hana hata udi wenyewe.

"Babako alikuwa na maneno matamu," alimwambia bintiye Saynab. "Ndiyo maana nilimkubali. Lakini yalikuwa maneno tu."

Saynab alikuwa amelelewa na kusomeshwa na shangazi yake mjini Garissa. Babake alikuwa kaburini mwaka mzima, na kwa mkewe mwenyewe bado alikuwa mwongo. Hilo lilimkaa rohoni. Sasa Maka, aliyekuja kumwona mjukuu, alikuwa anarudi Kotile na ngamia wake wawili wa mizigo, na haijulikani angekuja mjini tena lini.

Kwa bahati ilikuwa Jumamosi. Saynab alimsindikiza kwa njia inayopita kwenye hoteli ya Awil, pale mwisho wa mji, na alasiri, saa ya mchezo ule, wakawa nje ya dirisha lake.

"Hooyo, tupumzike kidogo," Saynab alimwambia mamake. "Mtoto anataka kunyonya."

Maka alichungulia ndani, akaona wanaume na chai zao wamekodolea televisheni macho. "Kwa hiyo umenileta kwa hili sanduku la shetani?"

"Ziba masikio basi."

Na kweli akavuta shali akaziba, kamba za ngamia mkononi.

Udi ukalia kwenye televisheni. Ngamia waliacha kucheua. Yule ngamia mzee akanyoosha shingo kuelekea dirishani, akamburuta Maka hatua kadhaa, na wa pili akafuata, mikeka na miti ya nyumba ya kuhama waliyobeba ikigonga ukuta.

"Eeddo! Shangazi!" Awil alipiga kelele. "Ngamia wako ameingiza kichwa hotelini kwangu! Nimpe chai?"

"Anataka maji," alisema Maka. Shali lilikuwa limeanguka mabegani. "Huu ni wimbo wa kisima chetu."

Kule kwao kila ukoo una wimbo wake wa kunyweshea. Ngamia huusikia tangu akiwa ndama, na akiusikia anajua maji yako tayari.

"Kwa hiyo baba alisema kweli, Hooyo?" Saynab aliuliza. "Ni aabo aliyeutunga?"

"Kutunga! Aliiba! Kabla hajanioa alikuwa anakuja kisimani kwetu kutusaidia kuvuta ndoo, kijana mzima, na wala ngamia wake hawakuwa na kiu." Maka akacheka, kisha akainua kidole. "Nyamaza. Hapo... hapo kati unapopanda. Hapo sisi hatuna. Hapo ni pake." Akasikiliza mpaka udi ukaisha. "Walaahi, Warfa. Kumbe ulikuwa unasema kweli."

Ndani mchezo ulianza, lakini ngamia hawakuondoka. Awil akajaribu kuwasukuma, Maka akamzuia.

"Ngamia hadanganywi, mwanangu. Ukimwimbia, umnyweshe. Lete maji."

"Mimi sikuwaimbia!"

"Sanduku lako limewaimbia."

Wanaume wakaangua kicheko, na Awil, akinung'unika, akajaza karai mferejini. Ngamia wakanusa tu, wakangoja. Ndipo Maka alipoinama kando ya karai akaanza kuimba, na Saynab, mtoto kifuani, akajua kwa mara ya kwanza kuwa muziki wa babake una maneno. Ulipofika pale kati, Maka hakuwa na maneno ya kutia. Akapandisha sauti hivyo hivyo, kama udi ulivyopanda, na ngamia wakanywa.