Fundi Anayeteremsha Diski Bondeni

Saa mbili asubuhi, baridi ya El Alto, mji wetu wa milimani huku Bolivia, bado inauma masikio. Katika kibanda chake kilichobanwa na duka la mablanketi, Nieves Quisbert anaweka diski ya kompyuta juu ya kitambaa, anaiwasha na kuitegea sikio. Tik. Tik. Tik. Anaizima haraka.

"Ulijaribu kuiwasha mara ngapi baada ya kuharibika?" anamuuliza mwenye diski, Severo Tarqui, mtangazaji wa redio ya mtaani.

"Mara kadhaa, dada."

"Kadhaa! Mgonjwa kaanguka, wewe unamwambia akimbie?"

Severo anacheka kwa aibu. Kosa lake tunalifahamu wote. Jumanne ya Kanivali, sherehe za kabla ya Kwaresima, huku kwetu kila mtu hunyunyizia bia mali yake ipate baraka: nyumba, gari, hata cherehani. Kompyuta imemlisha mwaka mzima, angeinyimaje?

"Baraka ni matone, Bwana Severo," anasema Nieves. "Wewe uliiogesha."

Utani unaishia hapo. Ndani ya diski hiyo mna nyimbo za machungani za mama yake, Asunta, alizomrekodi akiimba kwa Kiaymara. Tangu apigwe na kiharusi mwaka jana, mama huyo hajatamka neno. Nakala nyingine hakuna.

"Sauti yake imeshanipotea mara moja," Severo anasema. "Ya pili siiwezi."

Nieves, mwenye umri wa miaka arobaini na tatu, alianza kwa kuuza kompyuta za mitumba. Zamani hizo aligundua jambo lililomshangaza: diski zilizogoma El Alto zilisomeka vizuri Coroico, bondeni, nyumbani kwa dada yake. Nami nilipoambiwa nilidhani ananichezea shere.

"Mle ndani, kile kichwa kinachosoma hakigusi sahani inayozunguka, kinaelea juu ya hewa," ananieleza. "Hewa yetu huku juu ni nyepesi. Diski nzima huvumilia. Iliyochoka hushindwa, kama mgeni anayepanda ngazi zetu siku ya kwanza."

Basi alisafisha bia iliyogandia, akabadilisha kipande kilichoungua, akaifunga diski kwenye shuka la kubebea mtoto. Mimi naye tukapanda basi la Coroico, yeye akiipakata njia nzima.

"Mbona mtoto kimya hivyo?" abiria mmoja akamtania.

"Mshukuru Mungu. Akianza kulia, kazi imeharibika."

Kule Coroico, kwenye meza ya dada yake, diski iliwaka bila kugonga. Nieves hakushangilia. Alianza kunakili sehemu zilizo nzima, zenye majeraha akaziacha hadi mwisho, na diski ilipopata joto aliizima ipumzike.

"Ukimng'ang'ania mgonjwa panapouma, utakosa hata palipo pazima," alisema, akinimenyea chungwa.

Nyimbo zilipatikana zote, ila wimbo wa mwisho ulikatika katikati. Alijaribu tena na tena, wapi! Diski ilikuwa imetoa ilichokuwa nacho.

Jumapili, mimi na Nieves tukiwepo, Severo alimwekea mama yake nyimbo hizo. Mama Asunta alikaa dirishani, mkono wake mzima ukipiga mdundo gotini. Ulipofika ule wa mwisho, sauti ikakatika. Severo akainamisha kichwa.

Ndipo mama akaendelea. Sauti ilikwaruza, ilitetemeka, lakini maneno yalitoka, moja baada ya jingine, kuanzia pale pale ulipokatikia. Mwenzenu nililia, wala sioni haya kusema.

Severo akarukia kompyuta arekodi. Nieves akamshika mkono.

"Acha kwanza, kaka. Msikilize mama yako."

Ndoto ya Nieves ni kukodi chumba chake mwenyewe Coroico, aache kumjazia dada yake meza. Lakini kabla ya hilo, Jumapili ijayo atarudi kwa Mama Asunta na kinasa sauti.

"Wimbo ule una beti nyingine," anasema, akikunja shuka lake, "na mwenyewe bado yupo."