Turubai Juu ya Mwani

Jumatatu, tarehe 1 Desemba. Ercira Nahuelquín alitoka nje saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, akarudi ndani saa kumi na mbili na dakika arobaini. Katika dakika tisini hizo aliokota koa mia mbili na kumi na wawili.

Hakuwaokota kwa vidole. Aliwabana mmoja mmoja kwa kibano kirefu cha chuma, mkono ukiwa ndani ya glavu mbili, ya pamba chini na ya mpira juu, akawadondosha katika chupa ya maji ya sabuni huku uso ameugeuzia baharini. Hata hivyo aliwasikia. Koa hana sauti, lakini ute wake unapobanduka kwenye jani la kabichi hutoa mlio mdogo kama wa busu, na mlio huo ulimfuata hadi jikoni, ukaketi naye mezani.

"Leo umepata wangapi, bibi harusi wa koa?" aliuliza mama yake, Bi Delfina, akiwa kwenye kiti chake kando ya jiko la kuni.

"Mia mbili na kumi na wawili."

"Mimi nilikuwa nawakanyaga tu. Pwa! Pwa! Kazi imekwisha."

"Mama, tafadhali. Nakula."

"Huli wewe. Unautazama huo mkate kama vile unakudai salamu."

Ercira alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, na kumi na mmoja kati ya hiyo aliitumia katika kiwanda cha samaki upande wa pili wa mlango wa bahari, mahali palipokuwa na vigae vyeupe, buti nyeupe, na maji ya klorini ya kukanyaga kabla ya kuvuka kila mlango. Kazi yake ilikuwa kukagua usafi. Alipitisha kitambaa cheupe chini ya meza ambazo wengine walidhani hazina chini. Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani kisiwani, Chiloé, akiwa na cheti, aproni sita, na pua isiyosamehe kitu.

Alirudi mwezi Agosti, wiki ileile Bi Delfina alipoteleza kwenye tope la banda la kuku akavunjika nyonga. Kaka yake Ercira, Evaristo, anayeishi Punta Arenas, kusini kabisa, alitaka kumchukua mama akakae naye kwenye ghorofa ya nne, nyumba ifungwe. Bi Delfina hakukataa wala hakukubali. Alisema hivi, mbele ya watoto wake wote wawili: "Nyumba isiyo na bustani ni boksi tu. Siku ya Krismasi, kama mezani kuna kitu cha kijani kilichotoka kwenye matuta yangu, nabaki. Kama hakuna, Evaristo, njoo na sanduku."

Tangu siku hiyo bustani ilikuwa ya Ercira, na kila kilichomo ndani yake kilimtia kinyaa. Samadi ya kondoo ilimtia kinyaa. Funza weupe waliojikunja udongoni mithili ya kucha zilizokatwa walimtia kinyaa. Lakini hakuna kilichomchefua kama mwani.

Kisiwani hakuna anayelima bila mwani. Mwezi Septemba, bahari ikishautapika ufukweni, watu huupakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe na kuumwaga karibu na mlango wa jikoni, na hapo huachwa wazi miezi miwili, unyeshewe, uoze, ulainike mpaka uwe uji mweusi. Uvundo wake huingia kwenye maziwa. Huingia kwenye mito ya kulalia. Watu hukaa nao kama wanavyokaa na shemeji mlevi: wanamlaani, wanampa kiti.

Ercira hakuupa kiti. Jirani yao, Bi Uberlinda Guineo, alipoleta mkokoteni, Ercira alimwomba aumwage nyuma ya banda, mbali na macho. Wakati huo Bi Delfina alikuwa kitandani, hawezi kugeuka bila kulia. Jioni hiyohiyo Ercira alilifunika rundo lote kwa turubai la bluu, akabana kingo zake kwa mawe ishirini na manne, sita kila upande. Viroboto wa pwani waliruka chini ya turubai kama mvua inayonyesha kwenda juu. Alitapika mara moja, akaosha buti, akaingia ndani.

Turubai lile lilikaa pale siku hamsini na nane. Mvua zote za majira ya machipuko zilipita juu yake.

Tarehe 17 Novemba aliufunua mwani, akautandaza kuzunguka kila mche kwa kipimo kimoja, upana wa vidole vinne. Kulikuwa na matuta manane: kabichi, njegere, maharage mapana, vitunguu saumu, spinachi. Wapita njia walisimama kwenye uzio kuyatazama, maana yalikuwa yamenyooka kama meza za kiwandani. Kisha mvua, ambayo kisiwani haijui kupumzika, ikapumzika. Wiki mbili nzima hakukuanguka hata tone.

Majani ya njegere yakaanza kubadilika rangi kwenye kingo, kahawia, kana kwamba mtu ameyapitishia kiberiti. Kabichi zikalegea. Ercira aliandika yote kwenye daftari, akahukumu kwamba ni koa. Basi akaamka mapema zaidi, akakusanya zaidi, na chupa yake ya sabuni ikageuka supu ya kijivu yenye vidole vidogo ndani. Majani yakaendelea kuungua.

Evaristo alipopiga simu hakuzunguka.

"We Ercira, niambie kweli. Kuna kitu kitaota hapo?"

"Kitaota, kaka."

"Maana nimeshapaka rangi chumba cha mama. Rangi ya maziwa. Ataipenda."

"Mama hapendi rangi ya maziwa."

"Atazoea. Wewe si ulizoea klorini?"

Alhamisi, tarehe 4, Bi Uberlinda alikuja kuazima chujio, akasimama kwenye matuta badala ya kuingia ndani. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye kucha ambazo Ercira alikwepa kuzitazama wakati wa kula.

"Mh! Haya nayo nani kayapika?"

"Koa, Bi Uberlinda. Nimewaua zaidi ya elfu moja."

"Koa anatafuna, mwanangu, hachomi." Aliinama, akachota mwani kiganjani, akaunusa. "Huu mbona haunuki?"

"Ndiyo," alisema Ercira, kwa fahari kidogo. "Niliufunika."

Bi Uberlinda akatia ule mwani mdomoni, akautafuna mara tatu, akautema kando ya buti yake.

"Delfina!" alipaza sauti kuelekea dirishani. "Delfina wee! Njoo uone, mwanao katia bustani yako chumvi kama samaki!"

Dirisha likafunguka. "Kafanya nini?"

"Kauvalisha mwani koti la mvua!"

Kikatoka kicheko cha Bi Delfina, kirefu, chenye kikohozi ndani yake, kisha kikakatika ghafla. Alikuwa ameyaona majani. Alikuwa amekumbuka sanduku.

"Uonje," alisema Bi Uberlinda, akimnyooshea Ercira kiganja.

"Nakuamini, Bi."

"Sitaki uniamini. Nataka ujue. Mwakani nitakuwa nimekufa, utamuuliza nani?"

Ercira aliutazama. Ulikuwa na utelezi, na kitu chenye miguu mingi kilikuwa kikitembea juu yake bila haraka. Akavua glavu ya mpira, kisha ya pamba, akachukua kipande kisichokuwa na kitu hicho, akakiweka ulimini. Chumvi ilimjaa mdomo mzima, kavu, chungu, na nyuma yake ikaja ladha ya bandari wakati maji yamekupwa. Alikimbilia uzio.

"Hivyo," alisema Bi Uberlinda, akimpigapiga mgongoni alipokuwa ameinama. "Mvua ndiyo inayoosha. Uvundo ndio unakuambia tayari. Sasa sikiliza. Utauondoa wote leo, utamwagia maji mpaka pipa liishe. Kesho nakuja na wa kwangu, uliooza kisawasawa. Siku kwa siku, kama kawaida. Mimi nakupa siku yangu moja, wewe utanipa yako."

"Siku gani?"

"Tarehe 22. Nachinja kondoo watatu wa Krismasi. Utanioshea matumbo."

Ercira alikubali kwa kichwa, kwa sababu mdomo haukuwa tayari.

Aliuondoa mwani ule kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kwa mikono mitupu, maana glavu hazikuweza kutofautisha mwani na shina changa. Chini yake udongo ulikuwa na ukoko mweupe. Alimwaga ndoo sitini na tatu. Njegere alizing'oa zote, zilikuwa zimekufa zikiwa zimesimama. Maharage mapana na vitunguu saumu vikafuata. Kabichi zikabaki saba, zisizo na hata kichwa. Spinachi peke yake, tuta moja la mwisho upande wa baharini, ilikuwa imeinamisha shingo bila kufa.

Kesho yake mkokoteni ulifika kabla ya kuonekana, kwa harufu. Mwani wa Bi Uberlinda ulikuwa mweusi, unatiririka, na ulipomwagwa ulitoa sauti ya mtu mnene akikaa kwenye matope. Waliutandaza pamoja. Bi Uberlinda aliimba kwa pua. Ercira alipumua kwa mdomo, kisha akajuta, kwa kuwa sasa aliuonja. Ulimwingia chini ya kucha, kwenye nywele, kwenye kunjo za viwiko. Usiku huo alioga mara mbili kwa maji ya klorini, na bado shuka lilinuka. Mvua ikarudi tarehe 9. Spinachi ikainua shingo tarehe 15.

Tarehe 22 alilipa siku yake. Kuhusu matumbo ya kondoo watatu inatosha kusema kwamba yana urefu usio na adabu, kwamba yanapaswa kugeuzwa nje ndani kama soksi, na kwamba vilivyomo ndani huwa bado vina joto. Bi Uberlinda alikuwa kando yake muda wote, akimweleza jinsi binamu zake walivyokufa, mmoja baada ya mwingine. Ercira aliyaosha kwa maji tisa. Desturi ni matatu.

"Sijawahi kuona matumbo masafi hivi," alisema Bi Uberlinda. "Mtu anaweza kuyavaa kanisani."

Evaristo alishuka kwenye kivuko tarehe 23 akiwa na sanduku jipya, tupu, la magurudumu. Aliliweka kwenye ukumbi mahali ambapo kila mtu angelazimika kulizunguka. Siku ya Krismasi, saa saba mchana, mezani palikuwa na kondoo wa kuchoma, viazi, mkate wa viazi, na katikati, kwenye bakuli la bati, spinachi iliyochemshwa. Haikuwa nyingi. Mikono miwili ya mtu mzima ingeibeba.

Evaristo alijipakulia, akachambua kwa uma, akasimama.

"Yesu na Maria! Nini hiki?"

Kwenye ukingo wa sahani, kati ya jani na jani, koa alikuwa amelala amechemka, amevimba, rangi ya ulimi. Ercira alikuwa ameiosha spinachi ile kwa maji tisa pia.

"Mnaona?" Evaristo alisukuma sahani. "Huku ndiko mnataka mama abaki? Kula minyoo?"

Bi Delfina hakumtazama mwanawe. Alimtazama binti yake. Ercira akanyoosha mkono, akamshika koa yule kwa vidole viwili vitupu. Alikuwa laini kuliko alivyowahi kumwazia katika ndoto zake mbaya zaidi. Akamtupa dirishani, akafuta vidole kwenye aproni, akavuta sahani ya kaka yake, akala jani lile lote mpaka shina, bila kuacha kukunja uso hata mara moja.

"Chumvi imezidi?" aliuliza Bi Delfina.

"Hapana, mama. Imepungua."

"Basi nipakulie." Bi Delfina akala kijiko kimoja, cha pili, akamgeukia Evaristo. "Hilo sanduku lako, baba, lina ukubwa mzuri. Liache. Nitawekea mbegu."

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Desemba, Bi Delfina alikuwa bado analala kwenye kitanda chake mwenyewe. Mwani wa Septemba ulikuwa umeozea hatua sita kutoka mlango wa jikoni, wazi, na ulikuwa umekwisha kutandazwa kwenye matuta yote manane. Asubuhi hiyo Ercira aliokota koa mia moja tisini na watano kwa vidole, akatapika mara moja.