Mama Amepumzika

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nalisema bila kuficha, maana wenzangu wote wa pale mtaani Junda wanalijua: sinywi kikombe ambacho sikukiosha mwenyewe, na choo chetu cha pamoja nilikuwa nakimwagia dawa kabla ya kuingia na baada ya kutoka, huku nikisonya ili aliyenitangulia asikie. Tulikuwa wapangaji watano katika nyumba moja yenye ua, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa zaidi, nikajifanya mwenye nyumba.

Chumba kilichotazamana na changu alihamia mwanamke wa bara, mshonaji wa kiwanda cha nguo, umri wa binti yangu wa kwanza. Hakuwa na ubaya wowote. Kosa lake lilikuwa Kiswahili. "Mama, nisaidie na kisu," huniambia, maana yake nimwazime, nami namjibu, "Nikusaidie kukata nini?" Akisema "tumbo yangu," namsimamisha hapo hapo uani: tumbo langu, tumbo lako, hebu rudia. Anarudia, anacheka kwa haya. Mie najiona nafanya jambo la thawabu. Nimezaliwa hapa, lugha nimeinyonya kwa mama; nani tena wa kunifundisha maana ya neno?

Halafu akamleta mamake kutoka kwao, mgonjwa. Yarabi! Bibi wa watu aliharisha, akatapika, ndoo haikuondoka mlangoni, na harufu ikavuka ua ikaingia dirishani kwangu wakati wa chakula. Nikafukiza ubani asubuhi na jioni, tena si kwa jambo lolote la heri, ni ili wauone moshi. Pole niliitoa nikiwa nimesimama mbali, ncha ya leso puani. Bibi aliunyoosha mkono tusalimiane. Nikampungia. Siku alipopelekwa hospitali nilimshukuru Mungu, na sikumshukuru kwa ajili yake.

Siku ya tatu, asubuhi, nimekaa nje nachambua mchele, binti akaingia uani. Macho mekundu, yamevimba. Nikajua: hajalala, ni kuuguza. Ndivyo nilivyo, nikikutazama tu nishajua. Akasimama mbele yangu akasema, "Mama, mama yangu amepumzika."

"Alhamdulillahi!" nikasema. "Si nilikwambia? Mgonjwa akipumzika ndiyo dawa yenyewe. Mwache, usimsumbue. Akiamka mpe salamu zangu."

Niliona ananitazama, nikaona ni uchovu.

"Asante," akasema polepole. Kisha: "Nisaidie na leso ya kumfunika. Narudi hospitali saa hii."

Hapo pia nilijua. Leso itatapikiwa, itaharishiwa, halafu irudi kwangu vile. Kabatini nilikuwa na pea mpya ya leso, haijakatwa wala kupindwa, nikaipita. Nikavuta ile ya chini kabisa, niliyokuwa nikimtandikia mjukuu wangu kikojozi akija kulala kwangu. Ilikuwa imefuliwa, wallahi ilikuwa imefuliwa, lakini doa la manjano lilikataa kutoka, duara kubwa kama sinia, na ungeisogeza puani ungejua ni ya kazi gani. Nikaikunja vizuri nikampa. "Usijisumbue kuirudisha," nikamwambia, na nikajiona karimu.

Adhuhuri akaja jirani wa chumba cha tatu, mama wa Kirabai anayeuza mahamri. Amejifunga vizuri, kavaa viatu vya kutokea. Akaniuliza kama tutafuatana kwenda kuuaga mwili.

"Mwili wa nani?"

"Wa yule bibi. Kwani vipi? Binti mwenyewe kasema wewe ndiye aliyekwambia wa kwanza."

"Aliniambia amepumzika!"

"Ndiyo," akasema, ananishangaa. "Kwetu kanisani ndivyo tunavyosema. Mtu amepumzika. Wewe ulifahamu nini?"

Niliingia bafuni nikatapika, mimi mtu wa kinyaa, nikatapika sakafuni, na hapakuwa na wa kumsonya. Nikasikia sauti yangu mwenyewe: akiamka mpe salamu zangu. Lo! Mtu kafiwa alfajiri, amevuka mji mzima kuja kuniambia mimi kabla ya mtu mwingine yeyote, nami nikamjibu kwa furaha. Kisha nikampa mikojo akamfunike mamake.

Ile pea mpya nikaitia mkobani. Nilitaka kitu kimoja tu, nifike kabla jeneza halijafungwa niibadilishe ile leso, bibi asiende kaburini na uchafu wa nyumba yangu. Njia nzima yule mama wa mahamri ananizungumzisha na mimi simsikii.

Jeneza tulilikuta limeshatolewa nje ya mochari, limewekwa juu ya meza, liko wazi. Watu wa kanisa lake walikuwa wakiimba, na gari la kuwapeleka bara limeshageuzwa. Tukaingia kwenye mstari wa kuaga. Na hapa ndipo ninapojichukia zaidi: nilipofika, kabla sijamtazama marehemu usoni, macho yangu yalikwenda kutafuta doa. Halikuonekana. Leso ilikuwa imekunjwa mara mbili, kwa mkono wa mtu ambaye nguo ndiyo kazi yake, maua mekundu yamekaa juu kifuani na doa limegeuziwa ndani. Basi aliliona. Aliliona mle ndani ya chumba cha maiti, peke yake, akakaa akatafuta namna ya kulificha.

Nikashusha pumzi. Astaghfirullahi, nilifarijika! Maiti mbele yangu, na mimi nafarijika kwamba sikuonekana.

Binti akanishika mkono akawageukia wenzake. "Huyu ndiye jirani mwenye alinipa leso," akasema. "Mama amefunikwa na leso ya huyu."

Wakanishukuru mmoja mmoja. Mwanamke mmoja mtu mzima akanikumbatia, akalia begani mwangu, akaniambia Mungu aniongezee. Pea mpya ilikuwa pale pale mkobani, chini ya kwapa langu. Kuitoa kulitaka niseme, mbele ya watu wote wale, ile nyingine ilikuwa ya nini. Nikamtazama binti machoni nijue kama ananisitiri au ananisuta. Niliangalia sana, na sikuona kitu.

"Kitu kidogo hicho, mwanangu," nikamwambia, na wakakifunga kifuniko.