Ndoo ya Theluji ya Delphine

Delphine Halkett, binti wa kaka yangu, alikuwa na cheo kirefu kuliko barabara ya kuja kwetu: Mwandishi Msaidizi Mwandamizi wa Masuala ya Wenyeji wa Asili. Miaka kumi na moja kwenye gazeti kubwa la mjini, na yote kwa mkataba wa miezi sita sita. Sisi Wakrii, wenyeji wa asili wa huku kaskazini, tukifa, anaitwa. Tukifunga barabara kwa maandamano, mbio, anaitwa. Tukiishi tu kama watu, tukila samaki wetu na kugombana kwenye bingo, mhariri wake, Bwana Pruitt, anasema hiyo haina mvuto.

Mwaka jana, mwezi wa tano, Pruitt akamwita ofisini. Juni ishirini na moja ni siku yetu, siku ambayo nchi nzima inatupenda mpaka saa kumi jioni. Akataka ukurasa wa mbele: ngano ya Wesakechak, yule mjanja wa hadithi zetu, kutoka kinywani mwa bibi kizee, pamoja na picha ya mikono yenye makunyanzi.

"Niletee hiyo," akasema, "na kazi ya kudumu ni yako."

Delphine akaendesha gari saa sita hadi kwa mama yangu, Eliza, bibi yake. Njia nzima alijitia kusahau kwamba ngano zile husimuliwa tu theluji ikiwa imetanda chini. Hata mtoto wa chekechea wa kwetu anajua: ukizisimulia kiangazi, vyura wanakufuata kitandani.

"Theluji iko wapi?" mama akamuuliza.

Delphine akatoka. Baada ya nusu saa akarudi na ndoo. Nyuma ya uwanja wa hoki ya barafuni kuna lundo la barafu inayokwanguliwa na mashine majira yote ya baridi. Linakaa hadi mwezi wa sita, jeusi, limejaa ubani uliotafunwa. Akaiweka ndoo mezani, katikati ya chai na mkate wa kikaangoni.

"Bibi, theluji hii hapa."

Mama alicheka hadi akashika meno yake ya bandia. Mimi ilibidi nikae.

"Mungu wangu! Miaka minne ya chuo kikuu, ndiyo uniletee theluji ya ndoo?"

Delphine hakucheka. "Bibi, nimechoka kuomba kazi yangu mwenyewe kila miezi sita. Nisaidie."

Mama akajifuta machozi, akavuta kiti.

"Haya, washa hicho kidubwasha chako. Wewe ni mjukuu wangu, vyura wakija nitawafagia. Ila neno la kuanza sitalisema mimi. Utalisema wewe."

Delphine akawasha kinasa sauti. Sitadanganya, nilikuwa naomba moyoni aseme "anza". Nilimtakia ile kazi kuliko alivyojitakia mwenyewe. Akakiangalia, akakizima.

"Acha tu, Bibi."

Akampigia Pruitt palepale jikoni kwa mama, akamwambia ngano itapatikana Novemba. Sauti ya yule bwana ilinifikia hadi kwenye sinki: "Novemba? Novemba nani atawataka nyinyi?"

Juni ishirini na moja ngano ikatoka vilevile. Aliiandika profesa mmoja anayetujua kutoka maktaba, na pembeni mikono yenye makunyanzi, sijui ya nani. Tulisubiri vyura waingie gazetini, lakini mlinzi wa pale hawezi kumruhusu mtu asiye na kitambulisho. Mwisho wa mwezi mkataba wa Delphine ukaisha, na hakuna aliyekumbuka kuuongeza. Sasa anasoma habari kwenye redio yetu ya kijiji: maji ya bomba yachemshwe, nani kajifungua, nani kashinda bingo. Mshahara wenyewe ni wa kucheka.

Wiki iliyopita nilimpelekea chakula studio, simu ikalia. Akaiweka kwenye spika. Pruitt, sauti kama asali.

"Delphine, rafiki yangu! Tunaandaa toleo maalumu: kwa nini waandishi wenyeji wa asili hawadumu kwenye magazeti makubwa. Unamjua mtu mwenye majibu, tumhoji?"

"Namjua vizuri. Una kalamu?"

"Ninayo, nitajie."

Delphine akamtajia, polepole, jina lake yeye Pruitt mwenyewe, la kwanza na la ukoo. Na wallahi, kalamu tuliisikia: yule bwana alikuwa ameshaandika la kwanza kabla ya kushtuka.