Nilibadilisha baiskeli kwa besi la marehemu Handeni, marehemu akatokea kwenye dansi

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimeona vijana mnabishana kuhusu magitaa ya besi ya zamani, nani kaokota vintage kwa bei ya kutupa. Nikasema ngoja na mzee wenu niwape yaliyonikuta. Sijaongeza chumvi. Anayeona ni chai, apite tu.

Ilikuwa enzi za Ujamaa. Mimi ni mtu wa Kerenge, ila nilikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge karibu na Korogwe, na baada ya kazi napiga besi kwenye bendi ya wafanyakazi.

Besi letu likavunjika shingo.

Kiongozi wa bendi akasema mwezi ukiisha hatujapata jingine, bendi inavunjwa.

Wakati ule gitaa jipya ungelipata wapi? Hata sukari tulipanga foleni. Na bajeti yangu yote ilikuwa baiskeli moja.

Fundi redio wa Old Korogwe akanidokeza kuna mama yuko kijiji cha ujamaa Handeni, ana besi ndani halina mpigaji. Nikakanyaga baiskeli hadi huko, nikafika vumbi mpaka kwenye meno.

Nikamkuta mama Sefu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole. Akalitoa uvunguni, amelifunga kwenye khanga. La miaka ya Uhuru hivi. Rangi imebanduka, nyuzi zina kutu.

Nikaitazama shingo kama seremala anavyotazama ubao. Imenyooka! (Vijana, anzeni hapo. Rangi na nyaya za ndani zinatengenezeka, shingo iliyopinda itakutesa maisha.)

Nikauliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe hayupo."

Akainama. Nikaelewa ni mjane.

"Pole sana, mama Sefu."

Akaniangalia weee, machozi yakamtoka. "Ahsante, mdogo wangu."

Hela hakutaka, alitaka baiskeli. Kisima kilikuwa mbali na anabeba maji kichwani. Nikamwachia, nikarudi juu ya lori la mahindi nimekumbatia besi.

Nyuzi nilizichemsha kwenye sufuria, kutu ikatoka, zikaanza kulia vizuri.

Jumapili iliyofuata tukapiga dansi la mchana pale Kilole. Wimbo wa tatu, jamaa mmoja mrefu, begi begani, akapenya watu hadi mbele. Hachezi. Ananitazama vidole tu.

Wimbo ulipoisha akaniuliza, "Kijana, hilo besi umelitoa wapi?"

"Handeni, kwa mama Sefu. Lilikuwa la marehemu mumewe."

"Mume wa mama Sefu ni mimi."

Wakuu, mpiga tumba aliruka kutoka jukwaani akatuacha.

Kumbe jamaa kashuka muda uleule kwenye basi kutoka Mombasa alikokuwa anapiga muziki kwa vyombo vya bendi ya huko. Kasikia besi, akaingia. Kwake hajafika bado.

Nikajua baiskeli imekwenda na besi linakwenda. Lakini hakuligusa. Akauliza kwa sauti ya chini, "Alikwambia nimekufa?"

"Alisema hupo. Nikampa pole, akapokea."

Akapenya watu tena, akatoka.

Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikabeba besi, nikapanda lori kwenda Handeni. Nina hasira, naona nimetapeliwa. Nikamkuta mama Sefu uani anapukuchua mahindi. Mumewe kasimama mbele yake, ndiyo kwanza anafika, begi hajalitua.

"Mama Sefu, mbona ulinidanganya?"

Hakuinua macho. "Sikukudanganya. Nilisema hayupo. Miaka minne, hakuna barua hata moja. Mwanaidi tumemzika, baba yake hayupo. Watu walikuwa wananisema tu. Wewe ndiye wa kwanza kunipa pole. Ningeikataaje?"

Jamaa akasema, "Mwanaidi?"

Kumbe hakuwa anajua!

Mama Sefu akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya nyumba. Jamaa akaenda. Sauti niliyoisikia huko nyuma sijaisikia tena kwa mtu mzima.

Mimi nimesimama na gitaa la watu, sijui niliweke wapi.

Aliporudi nikamkabidhi. "Kaka, chukua. Baiskeli abaki nayo mama."

Akarudisha mikono nyuma. "Ondoka nalo. Nikilishika hilo nitaondoka tena."

Nikaondoka nalo. Bendi ikapona. Yeye akabaki kijijini akilima, na nilisikia alilala kwa kaka yake karibu mwaka mzima ndipo mama Sefu akamfungulia mlango.

Nilichojifunza: ukinunua kitu mkononi mwa mtu, usikague kitu peke yake. Muulize anayekiuza kwa nini anakiuza, na umsikilize mpaka amalize. Mimi nilikagua shingo, mtu sikumuuliza.

Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa kuondoka nalo. Nyie mngefanyaje? Semeni bila kumung'unya, nipo nasoma.